Kibofu cha mkojo baada ya kuumia uti wa mgongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo, pamoja na ndugu wanaowauguza nyumbani, hasa katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Mimi ni muuguzi, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa wodini, kliniki na kwenye simu na watu walioanguka kutoka kwenye miti ya parachichi huko Rungwe, waliopata ajali za bodaboda na malori kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, walioangukiwa na magogo Mufindi, na wengine ambao uti wao uliharibiwa na kifua kikuu cha mgongo. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu, lakini yatakusaidia kujua la kumwuliza.

Kibofu hakikuumia. Kwa nini basi mtu ashindwe kukojoa?

Kibofu hufanya kazi kwa amri. Neva zinazokiamuru kibane hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, inayoitwa sakramu, ngazi ya 2 hadi ya 4, nazo hupokea maelekezo kutoka kwenye ubongo kupitia uti mzima. Uti ukikatika au ukibanwa mahali popote juu ya hapo, habari ya kwamba kibofu kimejaa haifiki kichwani, na amri ya kuachia haishuki.

Katika siku na wiki za kwanza baada ya ajali, kibofu kwa kawaida hulegea kabisa na mkojo hujaa bila mgonjwa kuhisi chochote. Baadaye hali hujigawa. Walioumia shingo au kifua mara nyingi hupata kibofu kinachobana chenyewe bila mpangilio, huku msuli wa kufunga mkojo nao ukikaza wakati uleule ambapo ungepaswa kulegea. Walioumia chini zaidi, kiunoni na kwenye sakramu, mara nyingi hubaki na kibofu kilicholegea, kinachojaa hadi kufurika. Hizi ni hali mbili tofauti na matunzo yake hutofautiana, kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi ni ipi uliyo nayo.

Mume wangu halowi tena, nguo zake ni kavu mchana kutwa. Je, si dalili kwamba kibofu kimepona?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa uzito kuliko yote, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapopotelea. Ukavu wa nguo hauthibitishi usalama wa figo. Kibofu kinaweza kuwa kimefungwa na msuli uliokaza huku ndani yake shinikizo likipanda kidogo kidogo, na shinikizo hilo lisipopata njia ya kutokea chini huurudisha mkojo juu, kupitia mirija iletayo mkojo kutoka kwenye figo. Figo hutanuka, hupata makovu, na kazi yake hupungua. Haya yote hutokea bila maumivu, kwa kuwa neva ambazo zingeleta maumivu ndizo zilizokatika.

Kulowa ni adha kubwa na ni aibu kwa mtu mzima. Silidharau hata kidogo, kwa sababu nimeona watu walioacha kwenda kanisani, msikitini na kwenye misiba kwa ajili yake. Hata hivyo, kulowa hakuui. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kushindwa kwa figo kulikuwa ndiyo sababu kuu iliyowaua watu walioumia uti wa mgongo, na kilichobadilisha hali hiyo si dawa fulani ya ajabu bali ni utaratibu wa kukitoa mkojo kibofuni kwa saa maalumu na kuzipima figo mara kwa mara. Kwa hiyo mume wako akiwa mkavu, jambo la kuuliza ni hili: mkojo wake unatoka kwa njia gani, mara ngapi kwa siku, na kiasi gani kinabaki ndani?

Ni njia ipi ya kutoa mkojo iliyo bora?

Kwa mtu ambaye mikono yake inafanya kazi, au mwenye ndugu wa kumsaidia kila siku bila kukosa, njia inayopendekezwa kwanza ni kutoa mkojo kwa vipindi: mpira mwembamba usio na puto huingizwa kibofuni, mkojo hutoka wote, kisha mpira huondolewa. Mtu akiwa macho, hufanyika kila baada ya saa 4 hadi 6. Ratiba ambayo wengi huimudu ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku.

Kipimo cha kuangalia ni kwamba mkojo unaotoka kwa mara moja usizidi mililita 500. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, iweke chooni iwe ya kazi hiyo tu. Ikijaa na mkojo ukaendelea kutoka, maana yake umechelewa, na unapaswa kuongeza mara za kutoa au kupunguza unywaji katika kipindi kile. Wiki ya kwanza andika kila kitu kwenye daftari: saa, kiasi ulichokunywa, kiasi kilichotoka, na kama ulilowa. Daftari la namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo ya nusu saa.

Nimeambiwa mpira lazima uwe tasa, yaani usio na kijidudu hata kimoja, na nivae glavu. Kijijini nitavipata wapi?

Hospitalini, ndiyo, kazi hiyo hufanywa kwa vifaa tasa, kwa sababu vijidudu vya hospitali ni vikali na hutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisisitiza utasa kamili. Lakini mwaka 1972 daktari wa njia ya mkojo wa Marekani, Jack Lapides, pamoja na wenzake walichapisha maelezo ya njia safi isiyo tasa, ambayo mgonjwa anaifanya mwenyewe nyumbani. Hoja yake ni kwamba kibofu kilichotanuka kupita kiasi hukosa damu ya kutosha katika kuta zake, na kuta zilizokosa damu ndizo zinazoshindwa kupambana na vijidudu. Kwa maneno mengine, kuchelewa kutoa mkojo kwa sababu hujapata glavu tasa kuna madhara makubwa kuliko kuutoa kwa wakati kwa mikono iliyooshwa vizuri kwa sabuni.

Ukiwa nyumbani, basi, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, safisha sehemu za siri kwa maji na sabuni isiyo kali, na upake mpira jeli ya kulainisha inayoyeyuka kwa maji. Usitumie mafuta ya mgando. Hayayeyuki kibofuni na huiharibu mipira ya lateksi. Mwanaume auinue uume na kuusukuma mpira polepole. Ukigonga mahali pagumu avute pumzi, asubiri msuli ulegee, asilazimishe. Njia yake ya mkojo ni ndefu, takriban sentimita 20, na ndiyo maana mpira wake ni mrefu. Mwanamke njia yake ni sentimita 4 hivi tu, na mwanzoni kioo kidogo humsaidia kuiona. Akiuingiza mpira ukeni kwa bahati mbaya, achukue mwingine safi. Mkojo ukiacha kutoka, vuta mpira polepole, kwa maana mara nyingi kuna kiasi kinachobaki chini na hutoka wakati huo.

Ukubwa wa mpira huandikwa kwa namba ambayo kila kipimo kimoja ni theluthi ya milimita. Watu wazima wengi hutumia namba 12 au 14.

Je, mpira mmoja naweza kuutumia zaidi ya mara moja?

Watengenezaji huuza mipira ya kutoa mkojo kwa vipindi ili itumike mara moja na kutupwa, na mwenye uwezo afanye hivyo. Najua pia kwamba mtu anayehitaji mipira mitano kwa siku anahitaji 150 kwa mwezi, na familia inayoishi kwa kuuza viazi Uporoto haiwezi kuibeba gharama hiyo. Kama itabidi urudie, osha mpira mara tu unapoutoa, kabla mkojo haujakauka ndani. Pitisha maji ya sabuni kwa bomba la sindano, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ning'iniza ukauke kabisa, kisha uhifadhi katika kitambaa safi au chombo kikavu chenye kifuniko. Muulize muuguzi kuhusu dawa ya kutakasia inayofaa mpira wako, kwa sababu mingi ya plastiki huharibika ikichemshwa. Mpira uliokakamaa, uliopasuka au uliobadilika rangi utupwe. Na mpira wa mtu mmoja kamwe usitumiwe na mwingine, hata kama ni mtu na kaka yake.

Ninywe maji kiasi gani, hasa wakati wa baridi?

Anayetoa mkojo kwa vipindi anywe takriban lita 1.5 hadi 2 kwa siku, akizigawa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mwenye mpira wa kudumu anaweza kufika lita 2 hadi 3, ili mkojo usiwe mzito na kuziba mpira. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Makete, Njombe na Uporoto hufanya mambo mawili kwa pamoja: kiu hupotea, na mwili usiotoka jasho huongeza mkojo. Mtu huacha maji, hunywa chai tu, kisha hushangaa mkojo umekuwa mwekundu kama chai yenyewe. Maji ya uvuguvugu hunyweka vizuri wakati huo.

Kuhusu pombe niseme wazi, kwa kuwa ulanzi na komoni ni sehemu ya ukarimu wetu na mgonjwa hukaribishwa kama wengine. Tatizo la kikao cha ulanzi ni kwamba lita mbili huingia ndani ya saa mbili, kibofu hujaa haraka kuliko ratiba, na mnywaji aliyelewa hakumbuki saa ya mpira. Ukinywa, kunywa kidogo, na utoe mkojo mapema kuliko kawaida.

Mchana mkojo ni kidogo lakini usiku nafurika. Kwa nini?

Ukikaa kwenye kiti mwendo kutwa nzima, maji hukusanyika miguuni. Ukilala, hurudi kwenye damu na figo huyachuja. Lala ukiwa umeinua miguu kwa saa moja au mbili alasiri, punguza vinywaji baada ya saa 12 jioni, toa mkojo mara tu kabla ya kulala, na kama bado unazidi mililita 500 alfajiri, weka kengele ya kuamka mara moja usiku.

Mtoto wangu alifundishwa kukamua kibofu kwa kuminya tumbo. Aendelee?

Asiendelee mpaka apimwe. Kwa mtu ambaye msuli wake wa kufunga mkojo umekaza, kuminya tumbo au kujikamua kwa nguvu ni kulisukuma shinikizo lielekee kwenye figo. Njia hii ilifundishwa sana zamani, na ndiyo maana wazee wetu wa wodini bado huitaja, lakini siku hizi haipendekezwi kwa wengi.

Nimewekewa mpira wa kudumu wenye puto na mfuko. Niutunzeje?

Mpira wa lateksi usizidi wiki 4 bila kubadilishwa. Wa silikoni unaweza kufika wiki 12, kama hauzibi mapema. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, na umwagwe kabla haujajaa. Mwanaume aufunge mpira kwa plasta tumboni au pajani, kwa sababu mpira unaovuta kila siku huupasua uume taratibu, na kwa kuwa hahisi maumivu anagundua jeraha likiwa limekwisha kuwa kubwa. Anayekuwekea mpira asijaze puto, lile linaloushikilia mpira kibofuni, kabla mkojo haujaonekana ukitoka. Kijana mmoja niliyemhudumia alijaziwa puto likiwa bado njiani, katika kituo ambacho sitakitaja. Njia yake ilichanika, na makovu yaliyobaki yanamsumbua mpaka leo. Una haki ya kumwambia mhudumu, kwa heshima, "Naomba tusubiri mkojo kwanza."

Kama utahitaji mpira wa kudumu kwa miaka mingi, zungumza na daktari kuhusu mpira unaopitishwa kwenye tundu dogo juu ya kinena. Huepusha majeraha ya njia ya mkojo na ni rahisi kwa wanandoa. Mpira wa kudumu wa aina yoyote huongeza uwezekano wa mawe ya kibofu, na baada ya miaka mingi huongeza pia hatari ya saratani ya kibofu. Kwa hiyo damu kwenye mkojo isichukuliwe kuwa ni kichocho tu mpaka kibofu kiangaliwe.

Mkojo wangu una harufu na ukungu. Kila nikipima naambiwa nina U.T.I. Nimeze dawa?

Kwanza niondoe mkanganyiko: U.T.I. ni maambukizi ya njia ya mkojo, wala haina uhusiano na neno uti la mgongo, ingawa wagonjwa kadhaa wameniuliza kama "uti umeumia tena".

Karibu kila anayetumia mpira atakuwa na vijidudu katika mkojo wake, na kipimo kitavionyesha. Vijidudu visivyoleta dalili havitibiwi, isipokuwa kwa mama mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo. Harufu na ukungu peke yake havitoshi. Ongeza maji, angalia usafi na ratiba. Dalili za kweli ni homa, kutetemeka, mwili kuchoka, miguu kukakamaa na kurukaruka kuliko ilivyozoea, kulowa kulikoanza ghafla, au maumivu ya ubavu. Hapo nenda kituoni, uombe mkojo uoteshwe maabara ili vijidudu vijulikane kabla ya kuanza dawa, na kama una mpira wa kudumu, sampuli ichukuliwe kwenye mpira mpya, kamwe isiwe ya mfukoni.

Naumia kila ninapomkuta mtu aliyenunua antibayotiki duka la dawa mara sita kwa mwaka kwa ajili ya harufu, kisha siku alipopata homa ya kweli, vijidudu vilikuwa vimekuwa sugu kwa dawa zote zilizopatikana wilayani. Epuka pia kujichomea jentamaisini, ambayo ni antibayotiki, au kumeza diklofenaki ya maumivu kiholela, kwa maana dawa zote mbili zinaweza kuziumiza figo.

Kichwa huniuma ghafla, uso unatoka jasho na kuwa mwekundu. Je, ni malaria?

Ikiwa uliumia katika pingili ya sita ya kifua au juu yake, ichukulie kuwa ni dharura. Kibofu kilichojaa, mpira uliokunjika au choo kigumu kinaweza kuufanya mwili upandishe presha ghafla hadi kiwango cha kupasua mishipa ya ubongo. Presha ya kawaida ya mtu aliyeumia shingo mara nyingi ni 90 hadi 110 kwa namba ya juu, hivyo 140, ambayo kwa mwingine isingetisha sana, kwake ni kubwa.

Kaa wima mara moja, usilale. Legeza mkanda, viatu na nguo za kubana. Angalia mpira kama umekunjika au umeziba. Kama huna mpira wa kudumu, toa mkojo sasa hivi. Kama kichwa hakitulii ndani ya dakika chache, nenda kituo cha afya huku ukiwa umekaa. Andika maelezo haya kwenye kadi na utembee nayo, kwani katika zahanati nyingi mhudumu atakuwa hajawahi kukutana na hali hii, na atakulaza chali kwa nia njema.

Nipime nini kila mwaka, ikiwa najisikia mzima?

Ultrasaundi ya figo na kibofu mara moja kwa mwaka, pamoja na kipimo cha damu cha figo. Ultrasaundi hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na hospitali za misheni kama Ikonda kule Makete. Kumbuka kwamba kreatinini, kemikali inayopimwa katika damu hiyo, hutokana na misuli. Mtu ambaye misuli yake imenywea anaweza kuonekana wa kawaida kwenye karatasi huku figo zikiwa zimepungua kazi. Mkumbushe daktari jambo hilo, na utunze majibu ya kila mwaka ili yalinganishwe. Kipimo cha kuangalia shinikizo la ndani ya kibofu ni kizuri zaidi lakini huhitaji hospitali kubwa. Ukipewa rufaa kwa ajili yake, usiiache.

Ninatumia mpira kwa ratiba na bado nalowa. Kuna dawa?

Ipo. Oksibutinini na tolterodini hutuliza kibofu kinachobana ovyo na hushusha shinikizo, ingawa hukausha mdomo na kufunga choo. Zikishindwa, kuna sindano ya botulinamu inayochomwa ndani ya kuta za kibofu na kudumu kwa miezi kadhaa. Pampasi huficha tatizo, na ngozi iliyolowa huota vidonda vya mgandamizo.

Nasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam. Abiria wakishuka kuchimba dawa, mimi nifanyeje?

Usijinyime maji tangu jana yake, kosa ambalo karibu kila msafiri hulifanya. Kunywa kwa mafunda, toa mkojo kabla ya kupanda, na zungumza na kondakta mapema akupe kiti cha mbele na muda wa kutosha mnaposimama. Beba mipira ya akiba miwili zaidi ya unayohitaji, jeli, kitakasa mikono, kanga ya kujifunika na chupa yenye kifuniko kinachofunga vizuri. Wanaume wengine huvaa mpira wa nje wa aina ya kondomu uliounganishwa na mfuko wa mguuni. Huo hupokea kinachovuja lakini haukitoi kilichobaki kibofuni, kwa hiyo ratiba iko palepale.

Je, naweza kuoa, kuolewa na kupata watoto?

Ndiyo. Toa mkojo kabla ya tendo la ndoa. Mwanamke aliyeumia uti anaweza kushika mimba kama wengine, na akishika aanze kliniki mapema, kwa sababu mkojo wake utahitaji kuangaliwa mara kwa mara na mfuko wa uzazi unapokua hukibana kibofu.

Mpira wa juu ya kinena umetoka wenyewe usiku na hospitali iko mbali. Je, nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Tundu hilo huanza kujifunga ndani ya muda mfupi, na likifunga utahitaji upasuaji mwingine. Funika kwa kitambaa safi, ondoka usiku huohuo, na uende na mpira wa akiba wa ukubwa uleule, kwa kuwa kituo utakachofika huenda kisiwe nao. Ndiyo sababu nawaomba wote niwahudumiao waweke nyumbani mpira mmoja ambao haujafunguliwa, na waandike namba yake pamoja na tarehe ya kubadilisha kwenye ukuta karibu na kitanda, mahali ambapo hata mtoto anaweza kusoma.